Mwongozo wa Nshomile wa Kununua Vitabu vya Mtumba

Siku ya kwenda kutafuta vitabu usivae suti. Muuza mtumba wa Kashai, hapa Bukoba, akiona tai, bei ya kila kilichoko kwenye turubai hupanda kabla hujainama. Vaa shati lililopauka na viatu visivyoogopa tope. Chukua kiroba kisafi, kitambaa kikavu na noti ndogo ndogo, maana noti ya elfu kumi huua mazungumzo hata salamu hazijaisha. Kiroba ni kwa ajili ya mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wingu la ziwani halipigi hodi: unaliona juu ya kisiwa cha Musira, unageuka kuuliza bei, unarudi unakuta turubai limekunjwa juu ya vitabu na muuzaji amejibanza barazani anakutazama unavyolowa.

Nchi nzima inatuita sisi Wahaya nshomile, yaani wasomi, na hatukatai. Tunasifika kwa shahada zetu, kwa Kiingereza chetu misibani, na kwa kutaja shule tuliyosoma kabla ya kutaja jina. Sina ugomvi na sifa hiyo, nimekulia ndani yake na ninaipenda. Ugomvi wangu ni na kabati la vioo. Nimekaribishwa sebule nyingi za wasomi, Bukoba mjini na vijijini Muleba, nikakuta ndani ya kabati hilo glasi zenye mstari wa dhahabu, picha ya mahafali, maua ya plastiki, na kitabu kimoja tu: cha maelekezo ya friji. Mwenye nyumba alisoma. Siku hizi hasomi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na njia fupi ya kumrudisha inapita kwenye turubai la mtumba, ambako kitabu kizuri huuzwa kwa bei ya soda mbili.

Usiulize duka la vitabu vya zamani liko wapi. Dar es Salaam wanavitandaza kwenye vibaraza vya katikati ya mji, Nairobi utavikuta Mtaa wa Tom Mboya. Kwetu vitabu havina mtaa wao, vinaishi katikati ya vitu vingine. Soko Kuu la Bukoba viko chini ya vitasa, chaja na betri za redio. Kashai na Hamugembe vinalala kando ya marundo ya nguo za watoto. Muleba, siku za gulio, nenda Nshamba au Kamachumu ukaangalie kwa wauza vyombo vilivyotumika, wanaopenda kuweka kitabu kinene chini ya sufuria isiyumbe. Wala usimuulize mtu kama ana vitabu. Atakujibu hana, na atakuwa hasemi uongo, kwa sababu anajijua kuwa muuza vitasa. Wewe inama, sogeza vitasa.

Lakini kituo muhimu kuliko vyote ni meza ya mama muuza karanga. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, karatasi iliyokwisha kuandikwa imepata wateja wapya. Madaftari, mitihani na vitabu huuzwa kwa kilo ili kufungia. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipo. Msogelee kwa heshima, msalimie, nunua karanga, zile. Kisha ifungue ile koni uisome. Mimi karanga zangu za Muleba ziliwahi kunifikia ndani ya ukurasa wa "Juliasi Kaizari", tafsiri ya Mwalimu Nyerere, njama zimeshaiva na Kaizari mwenyewe bado yu hai.

"Waitu Ma, kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Kipi tena, mwanangu?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akainua kitambaa, na kitabu kilikuwepo, jalada limeshaondoka na vitendo viwili vya mwanzo vimeshaliwa na wateja walionitangulia. Nikamlipa zaidi ya bei ya kilo, na siku iliyofuata nikampelekea fungu la magazeti. Ishike kanuni hiyo: karatasi ni mtaji wa mama huyo, usiuchukue bila kumwachia karatasi nyingine. Ukifanya hivyo mara chache tu, yeye mwenyewe ataanza kukuwekea. Leo nikipita pale ninaitwa kabla sijafika. Na ukikuta tafsiri hiyo nzima nzima, fungua mbele uangalie mwaka. Mwalimu aliitoa kwanza mwaka 1963 kwa jina la "Julius Caezar", akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969. Ukibahatika kuyapata matoleo yote mawili, kaa nayo jioni moja, ufuate kalamu ya Rais aliyekuwa anakata mistari yake mwenyewe na kuiandika upya huku ana nchi ya kuendesha.

Sasa bei. Wauzaji wetu hupima kitabu kwa unene na kwa lugha.

"Hiki bei gani, kijana?"

"Hicho elfu tano, mzee. Kizungu hicho, halafu kinene."

"Na hiki chembamba?"

"Hicho nipe jero tu. Si Kiswahili."

Kile kinene kilikuwa kitabu cha uhasibu kilichopitwa na sheria za kodi za tawala kadhaa. Kile chembamba kilikuwa "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969 iliyotokana na Vita vya Maji Maji, moja ya kazi kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa katika lugha yetu. Hapa wakusanyaji wengi watakushauri unyamaze, utoe jero, uondoke haraka. Mimi nakushauri kinyume. Toa buku mbili, umwambie kijana kwa nini umezitoa. Mwonyeshe jina la mwandishi, mwonyeshe mwaka. Kweli, safari ijayo utauziwa kwa bei ya juu. Ila safari ijayo kitabu kitakuwepo, kwa sababu kijana aliyejua kuwa chembamba cha Kiswahili kina mtu wa kukinunua hakipeleki tena kwenye mzani. Kwa buku moja na nusu ya ziada umeajiri mlinzi wa maktaba.

Ukishakishika kitabu, usianze na jina lake. Anza na mihuri. Muhuri unaosema "Mkoa wa Ziwa Magharibi" unakuambia kitabu kilikuwa rafuni kabla ya mkoa kuitwa Kagera baada ya vita na Idi Amin. "Tanganyika" inakurudisha nyuma ya Muungano wa 1964. Nyuma ya jalada bei imechapwa kwa shilingi na senti, mtindo wa mkwaju na kistari, enzi ambazo shilingi tano ilinunua riwaya. Nembo ya East African Literature Bureau ni ya shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo safari yake ilikatika pamoja na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Chochote chenye nembo hiyo ni mabaki ya wakati ambapo mtoto wa Kampala, wa Kisumu na wa Bukoba walisoma vitabu vya mchapishaji mmoja.

Kisha fungua ndani ya jalada, palipobandikwa jedwali la shule. Ninayo nakala ya "Mabepari wa Venisi", tafsiri nyingine ya Mwalimu, ya 1969, yenye muhuri wa shule moja ya Muleba. Jedwali lina safu za jina, kidato, mwaka na hali ya kitabu. Mwanafunzi wa kwanza ameandika "Kipya". Wa pili "Kizuri". Wa tatu "Kizuri kidogo". Wa nne, kwa wino mwekundu, "Nimekikuta hivi hivi". Ndani, pale Shailoki anapodai ratili yake ya nyama, mmoja wao ameandika kwa penseli pembeni: "Shailoki bepari. Antonio je?" Na mkono mwingine, wa miaka ya baadaye ukiutazama wino, umejibu: "Naye pia. Mwl. kasema soma jina la kitabu." Wanafunzi wawili ambao huenda hawakuonana maisha yao yote wamejadiliana juu ya tafsiri ya Nyerere, na mjadala wenyewe nimeununua kwa bei ya sahani ya maharage. Kitabu kipya cha dukani hakikupi hicho. Ndiyo maana ninasema, mbele ya vitabu viwili vinavyofanana, kimoja safi na kimoja kilichoandikwa pembeni, chukua kilichoandikwa.

Wageni hushangaa turubai la Kashai linapotoa sarufi ya Kilatini, ensaiklopedia ya Kifaransa iliyobaki juzuu moja, na kitabu cha nyimbo cha Kiswidi. Hakuna muujiza. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani waliingia mwaka 1910, na baada yao wakaja Waswidi na Wadenmark. Kila aliyekuja alikuja na sanduku la vitabu, na si kila aliyeondoka aliondoka nalo. Halafu kuna kahawa. Kahawa ilisomesha watu huku. Mauzo ya msimu yaligeuka ada, ada ikageuka vitabu, na vitabu vikapanda juu ya kabati kukaa karibu na picha ya Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye Papa Yohane XXIII alimfanya mwaka 1960 kuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia nyekundu. Mtoto huyo wa Kamachumu alipita Seminari ya Rubya. Kwa hiyo sarufi ya Kilatini yenye muhuri wa Rubya usiicheke. Inunue hata kama huna mpango wa kujua Kilatini.

Na kuna mwingine aliyepita Rubya, ambaye mimi humfikiria kila nikipandisha mlima wa kwenda huko. Aniceti Kitereza, mtoto wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, alisomeshwa na mapadre hapo hapo Muleba. Akarudi kisiwani kwake, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto na kukataa kuachana wakati ndugu wanataka waachane. Hakupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mzee akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Ukiiona chapa hiyo ya 1980 kwenye turubai lolote kati ya Rwamishenye na Biharamulo, usipige kelele. Vuta pumzi, lipa ulichoambiwa, ongeza. Ukifika nyumbani isome polepole, maana imejaa namna ya kutengeneza pombe, kuposa, kuvua, kutibu na kuamkiana ambayo bibi zetu wa upande huu wa ziwa wangeitambua ukurasa kwa ukurasa.

Hapa naingiza sheria ambayo sitaki mjadala juu yake: nunua vya nyumbani kwanza. Mtu wa Kagera anayekusanya riwaya za London na hana kitabu kimoja juu ya Buhaya bado hajaanza kukusanya. Tafuta "Amakuru ga Kiziba" ya Francis Lwamgira, historia ya Kiziba na wafalme wake kwa Kihaya, ya mwaka 1949. Tafuta kitabu cha sheria za mila za Wahaya cha Cory na Hartnoll cha 1945, ambacho wazee wa mabaraza walikihitaji kuliko Biblia kesi ya kibanja ilipopamba moto. Tafuta "Bara Bukoba" ya Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa Walutheri hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha Askofu Josiah Kibira, "Church, Clan and the World", cha 1974, kilichoandikwa na mtu aliyejua ukoo wa Kihaya kutoka ndani na Kanisa kutoka juu. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. "The Karagwe Kingdom" ya Israel Katoke ya 1975 usiikose. Na chochote cha Mugyabuso Mulokozi, mshairi na mwanazuoni wetu, aliyewasikiliza wapiga ala ya nanga wa Buhaya na kuandika kwa kina kuhusu tenzi zao za mashujaa wakati ambapo walikuwepo wataalamu wa Ulaya waliokuwa wanaeleza kwamba Afrika haina tenzi za aina hiyo.

Vyembamba navyo vina haki yao. Kati ya mwaka 1968 na 1972 UNESCO na Serikali waliendesha kanda ya ziwa, Ziwa Magharibi ikiwemo, mradi wa kufundisha watu wazima kusoma kupitia kazi zao: pamba kwa mlima pamba, migomba kwa mwenye migomba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", 1974 likaanza gazeti la wanakisomo, "Elimu Haina Mwisho". Bibi zetu walijifunza kuandika majina yao kwa vijitabu hivyo, na kwa kuwa ni vyepesi na havina jalada gumu, ndivyo vinavyotangulia motoni. Kimoja chenye herufi za mtu mzima anayejikaza kufuata mstari kina uzito kwangu kuliko toleo lolote la kwanza la Heinemann. Nikikiona sibishani bei.

Kuhusu riwaya za upelelezi, shusha mabega. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walisomwa kwa kupokezana bwenini, chini ya blanketi, kwa tochi, na kitabu kilichosomwa hivyo hakifiki kwako kikiwa kizima. Usikatae kisicho na jalada. Kisicho na ukurasa wa mwisho nacho kichukue, kisha upeleke tatizo lako kwa wazee wa kahawa. Keti, agiza kikombe, taja jina la riwaya, sema umeishia pale muuaji anapoingia chumbani. Watamaliza wenyewe, na watakuwa na miisho miwili inayopingana, kila mmoja akiapa. "Rosa Mistika" ya Kezilahabi pia uipokee ikiwa na hali yoyote. Ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni, hivyo nakala zake za mwanzo zilisafiri kwa kufichwa, na utaikuta imevalishwa jalada la gazeti au la kitabu cha hesabu. Jalada hilo la bandia usilivue. Ni sehemu ya historia ya kitabu.

Sasa nifike mahali panapohitaji adabu kuliko pengine pote. Vitabu vingi vizuri vya Kagera havitoki sokoni, vinatoka kwenye nyumba zilizofiwa. Mwalimu mstaafu anafariki, au katekista, au karani wa chama cha ushirika, na ukoo unakaa. Kibanja kitajadiliwa siku tatu. Mibuni itahesabiwa. Nyumba itatafutiwa mrithi, na wajukuu watakumbushwa kaburi la babu liko mgomba upi. Sanduku la vitabu hakuna atakayelitaja. Litabaki chumba cha nyuma mpaka mtu ahitaji chumba, na siku hiyo litapelekwa kwenye mzani.

Usitokee msibani na kiroba. Nenda kwanza kama jirani, toa rambirambi, tafuna kahawa uliyopewa, sikiliza habari za marehemu mpaka mwisho. Acha miezi ipite. Ndipo urudi, umtafute mtoto aliyekuwa anamsomea mzee macho yalipofifia. Mara nyingi ni binti, na mara nyingi hakuulizwa lolote kwenye kikao cha ukoo. Muulize yeye. Kama kuna kitabu anachotaka kubaki nacho, hicho usikiguse hata kama ndicho kilichokuleta. Vilivyobaki vipitie mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu ndani yake mna picha za pasipoti, stakabadhi za kahawa, barua kutoka Makerere, hati za madeni yaliyokwisha kulipwa. Hivyo vyote ni vya familia. Mlipe binti mwenyewe, mkononi, hadharani, ili kaka zake wajue kuwa kile walichokiona taka kilikuwa mali.

Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu, nililiona jambo hili kwa ukubwa wake. Ihungo na Nyakato, shule ambazo zimetoa vizazi vya nshomile, ziliharibika vibaya. Vijijini kuta zilipolala, makabati yalilala nazo, na watu waliokuwa wanalala nje hawakuwa na nafasi ya kuwaza karatasi, wala hakuna wa kuwalaumu. Mvua za vuli zikafuata. Miezi mingi baadaye masokoni kulikuwa na vitabu vilivyovimba, kurasa zimegandana, vikinuka udongo. Nilinunua vile nilivyoweza. Kukausha kitabu cha namna hiyo kunataka subira: kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiachana, weka karatasi kavu katikati na uzibadilishe asubuhi na jioni. Usikianike juani, gundi itakatika na kurasa zitajikunja. Kikikauka ndipo ukilaze chini ya kitu kizito.

Nyumbani, adui wa kwanza ni unyevu, wa pili mchwa. Rafu isiguse ukuta. Acha nafasi ya kupitisha kiganja. Miguu yake iwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, mchwa hawavuki hapo. Usiweke vitabu upande wa jiko la kuni. Mara moja kwa mwezi, kukiwa na jua, fungua madirisha, vitoe, vifute, virudishe. Kazi hiyo ifanye na watoto, kila mmoja apewe rafu yake na ruhusa ya kuacha kufuta na kuanza kusoma.

Swali litakalokujia kutoka kwa mwenzi wako ni moja, nalo ni halali: "Hivi vyote umevisoma?" Usimfiche. Mwambie ulivyovisoma, mwambie ambavyo bado, kisha mpe kimoja kinachomfaa yeye. Mama wa nyumba anayependa kesi za mashamba mpe Cory na Hartnoll umfasirie jioni. Mume anayependa mpira mtafutie gazeti la zamani lenye habari za uwanja wa Kaitaba. Nyumba ambayo watu wawili wana vitabu vyao haina ugomvi wa rafu, ina foleni.

Na azima. Nunua daftari, andika jina, kitabu, tarehe, na jina la mzazi wa aliyeazima, kwa kuwa Bukoba ni ndogo na mzazi anafikika. Vingine havitarudi. Kabla ya kukasirika nenda kwa aliyekiazima ukaone kiko wapi. Nilikwenda hivyo Izigo kudai "Shujaa Okonkwo", tafsiri ya mwaka 1973 ya riwaya ya Achebe, nikakuta inasomwa kwa sauti barazani, msomaji ni msichana wa kidato cha pili na wasikilizaji ni shangazi zake watatu wanaomenya ndizi. Nilikaa nikasikiliza mpaka sura ilipoisha. Daftarini, mbele ya jina lao, nimeandika "kipo kazini".

Kila kitabu ukikileta nyumbani, andika chini ya majina uliyoyakuta jina lako, mahali ulipokinunua, mwaka na bei. Tumia kalamu ya wino. Wapo watakaokuambia unakishushia thamani. Waulize wangeijuaje Rubya ya zamani kama wanafunzi wake wasingeandika.

Nimebakiwa na la kwangu binafsi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, Muleba ya leo, wanafunzi watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Ikaambukiza. Wasichana 95 kati ya 159 wakapatwa, shule ikafungwa tarehe 18 Machi, na wasichana wa Nshamba waliporudishwa makwao kicheko na vilio vikaenda nao. Madaktari wawili, Rankin na Philip, wakaandika tukio hilo mwaka 1963 katika jarida la "Central African Journal of Medicine", na tangu hapo dunia nzima inalisimulia kwa kichekesho, mara nyingi bila kuwafikiria wale mabinti waliolia, waliozimia na waliopoteza muhula. Ninalitafuta toleo hilo la jarida, karatasi yenyewe, si nakala ya mashine. Natafuta kwa hamu zaidi daftari, barua au kitabu cha shule chenye jina la msichana aliyekuwa Kashasha mwaka ule na lolote aliloandika pembeni. Kama kiko juu ya kabati la bibi yako, Kamachumu, Rutabo, hata visiwani Bumbire, usikipeleke kwenye mzani. Niite. Nitapanda mtumbwi nije mwenyewe, na sitavaa suti.